Makanisa ya Mbao Magharibi mwa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa. Mengi huja Agosti na Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Nairobi na Nakuru na kusimama mbele ya kanisa walikosali babu zao. Ninayeandika ni mshiriki wa kanisa dogo la mbao la Marafiki (Wakwekeri) katika vilima vya Vihiga, na mifano mingi ya karibu nimeitoa hapo. Mahali swali linapogusa jambo lililokwisha kujibiwa, nimekuelekeza kwa nambari badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Kwani huku kwetu kulikuwa na makanisa ya mbao? Si yote yalikuwa ya udongo?

Karibu yote yalianza na udongo, na kabla ya udongo palikuwa na mti tu: watu wakakaa kivulini, mwalimu akasimama. Kisha likaja banda la nguzo na fito lililokandikwa udongo, likaezekwa nyasi, sakafu ikasiribwa kwa samadi. Nyasi zikioza, paa linaezekwa upya. Mchwa wakimaliza nguzo, linasimamishwa banda jingine hapo kando. Kanisa la mbao kwa kawaida ni la pili au la tatu katika mlolongo huo, na la matofali au mawe ndilo linalofuata.

Si kila mahali palipitia mbao, lakini. Fuata msitu utayaona: kuzunguka Kaimosi na ukingo wa msitu wa Kakamega, ukipanda kuelekea Nandi, na upande wa Londiani, Molo na Elburgon. Ukishuka kwenye tambarare za Kano, kusafirisha mbao kulikuwa na gharama, kwa hiyo huko makanisa mengi yaliruka kutoka udongo moja kwa moja hadi matofali au mawe.

2. La kwanza kabisa lilikuwa lipi?

Swali hili limewahi kuvuruga chai ya matanga. Kinachojulikana vizuri ni miaka ya misheni, si ya majengo. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902. Mapadri Wakatoliki wa Mill Hill walianza Kisumu mwaka 1903 na Mumias mwaka 1904. Kima, kule Bunyore, ni 1905. Maseno ya Waanglikana, Mukumu ya Wakatoliki na Gendia ya Waadventista zote ni 1906. Butere ni 1912.

Hakuna hata mmoja kati ya miaka hiyo unaokuambia ni lini mbao ya kwanza ilipigiliwa msumari. Anayekwambia kanisa lao ni la mwaka fulani, muulize: kanisa, au jengo?

3. Mwaka uliochongwa juu ya mlango ni wa nini?

Inategemea nani alishika patasi. Unaweza kuwa mwaka wa misheni mama, mwaka wa ibada ya kwanza chini ya mti, mwaka wa kuweka jiwe la msingi, mwaka wa kuezeka, au mwaka wa matengenezo.

Kwetu imechongwa 1902. Nilikua nikiamini kwamba kuta hizo zina umri huo. Siku moja nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kanisa: "Guga (yaani babu), jengo hili ni la 1902 kweli?" Akacheka mpaka akakohoa. Alisema kizingiti cha zamani kilioza, yeye akaweka kipya, akamuuliza mchungaji aandike mwaka gani, mchungaji akampa mwaka wamisionari walipofika Kaimosi. Basi. Mlango wetu unataja mwaka ambao pale hapakuwa na hata nguzo moja. Jinsi tulivyojua umri wa kuta zenyewe iko katika swali la 8.

4. Kanisa, kigango, parokia, parishi, mkutano: yote ni kitu kimoja?

Hapana, na ukichanganya utatafuta faili mahali pasipo. Kwa Wakatoliki, parokia ndiyo yenye padri na vitabu vya ubatizo na ndoa. Kigango ni kanisa la kijijini lililo chini yake, ambako katekista ndiye aliyeshikilia mambo padri asipokuwapo. Waanglikana wana parishi, nayo huwa na makanisa kadhaa chini yake. Marafiki hawana parokia: kuna mkutano wa kijiji, wa mwezi, wa robo mwaka, kisha mkutano wa mwaka. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki uliundwa mwaka 1946, makao yakiwa Kaimosi.

Majengo mengi ya mbao ambayo leo watu huyaita "parokia ya zamani" yalikuwa vigango tu. Ubatizo wa babu yako huenda ulifanyiwa pale, lakini ukaandikwa katika kitabu kilichokaa kilomita thelathini mbali.

5. Yalijengwa na Wazungu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu la haraka ni hapana. Wamisionari walikuwa wachache mno kuweza kujenga kila kilima. Tazama Kaimosi yenyewe: walifika watu watatu, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson. Watatu! Hata wangekuwa mafundi wa ajabu, wasingepasua, kubeba na kupigilia mbao za makanisa yote ya Tiriki, Maragoli na Kabras.

Waliojenga ni vijana waliofunzwa kwenye vituo, wakarudi makwao wakiwa walimu na mafundi kwa wakati mmoja. Daudi Lung'aho na mkewe Maria Maraga, miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa Kaimosi, ndio wanaotajwa sana, lakini nyuma yao kuna mamia wasiotajwa popote. Mwalimu wa wakati ule alifundisha kusoma asubuhi na kushika randa jioni. Kwa Wajaluo walioshika dini waliitwa josomo, watu wa kusoma, na shule na kanisa mara nyingi lilikuwa jengo moja: Jumapili mimbari, Jumatatu ubao.

Na kina mama. Mbao zilibebwa kichwani. Ubao wa futi kumi na mbili uliopasuliwa mbichi ni mzito kwa namna ambayo mtu wa lori hawezi kuelewa. Unabebwa na wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, nao lazima walinganishe hatua, la sivyo ubao unaruka na kuwapiga shingoni. Nyanya yangu alikuwa na kovu dogo nyuma ya sikio. Alipoulizwa alisema tu, "Hilo ni la kanisa."

Michango ilikuwa mayai, kuku, mtama, siku za kazi. Ndiyo sababu orodha za fedha za wakati ule, pale zinapopatikana, huonyesha kiasi kidogo kiasi cha kumfanya msomaji adhani mtu mwingine alilipa.

## Mbao, misumari na mabati

6. Mbao zilitoka wapi?

Kwa upande wetu, Kaimosi. Jina la misheni lilikuwa Misheni ya Viwanda ya Marafiki Afrika, na hilo neno "viwanda" halikuwa pambo: waliamini mtu afundishwe dini na kazi ya mikono pamoja. Eneo lilichaguliwa likiwa na msitu na maji yanayoteremka kwa nguvu, na katika miaka ya mwanzo waliweka mashine ya kupasua mbao iliyoendeshwa kwa maji. Wazee wanaiita somili mpaka leo.

Bila reli, hilo lisingewezekana. Reli ilifika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901. Miezi michache baadaye Marafiki wakashuka kwenye gari moshi hilohilo, wakapanda vilima kwa miguu. Chuma kizito kikafuata njia hiyo.

Mbali na somili, kulikuwa na msumeno wa shimo. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu, mwenziwe anaingia chini, wanavuta msumeno mrefu kwa zamu. Wa juu anaongoza mstari. Wa chini anakula unga wa mbao mchana kutwa. Usiulize nani alikuwa mdogo kwa umri.

7. Ni miti gani?

Msitu wa Kakamega una miti ya mvua, na mvua yenyewe hapa ni takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa nguzo na fito walitumia sana lusiola, ambao Wajaluo huuita siala: mti wa maua ya njano unaouona mipakani mwa mashamba, mchwa hawaupendi sana. Kwa mbao, miti mikubwa ya msitu kama mwiritsa na mizeituni ya mwituni, ambayo ni migumu kiasi cha kupinda msumari. Upande wa Mau, yaani Elburgon, Molo na Londiani, mafundi walikuwa na podo na sida.

Kuhusu sida: wageni wengi hunusa ubao na kusema huu ndio mwerezi wa Lebanoni uliojenga hekalu la Sulemani. Harufu ni nzuri kweli, lakini huo si mti huo. Sida ya kwetu ni mtarakwa, mti wa nyanda za juu kavu zaidi, ambao pia umetengenezewa penseli. Ukiukuta ukutani mwa kanisa la Kaimosi au Maragoli, jua ulisafirishwa. Hauoti kwenye msitu wa mvua.

8. Nitajuaje umri wa jengo kwa kutazama mbao?

Ingia saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiwa linaingia kwa mshazari, upapase ubao upande ambao haujapigwa randa, hasa nyuma ya mimbari au juu darini.

Mistari iliyonyooka, inayoinama kidogo, isiyolingana nafasi, huo ni msumeno wa shimo. Mistari iliyopinda kama sehemu ya duara, ikifuatana kwa usawa, ni msumeno wa duara wa somili. Makwaruzo mapana yenye vijishimo ni pawaso, msumeno wa injini, na hapo uko kwenye matengenezo ya juzi.

Kisha tazama mti. Saiprasi ndiyo msaliti mkubwa. Si mti wa kwetu. Ulitoka upande wa Meksiko na Amerika ya Kati, ukapandwa kwenye mashamba ya misitu ya serikali kwa mpango wa shamba ulioanza mwaka 1910, watu wakilima katikati ya miche. Saiprasi huchukua takriban miaka 25 hadi 30 kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Fanya hesabu mwenyewe: ukuta wa saiprasi hauwezi kuwa wa 1905, hata mlango useme nini. Vivyo hivyo na mkaratusi, ulioletwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuni za gari moshi.

Kwetu, kuta mbili za pembeni zina alama za msumeno wa duara kwenye mti mgumu wa msitu. Ukuta wa nyuma, pale kanisa liliporefushwa, ni saiprasi mtupu. Ukisimama kwenye maungio unaweza kuweka kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili: chini ya gumba mbao ni nyeusi na baridi, chini ya shahada ni njano na bado ina ulimbo siku za joto. Hapo ndipo tulipojua kanisa ni mawili.

9. Mabati ni ya lini?

Mabati yaliingia kwa wingi kwa sababu ya reli, lakini kanisa la kijijini liliweza kukaa miaka mingi na nyasi juu ya kuta za mbao. Tafuta mihuri ya watengenezaji upande wa chini wa bati. Mabati ya zamani ni mazito na mara nyingi yana chapa. Angalia pia mapaa yenyewe: fito zilizopangwa karibukaribu zilikuwa za kushikia nyasi, maana bati halihitaji hivyo. Zikiwa bado ziko juu ya dari, basi bati ni mgeni.

Ubaya wa bati kila mshiriki anaujua. Mvua ya saa tisa ikianza, mhubiri ananyamaza, tunaimba.

10. Kwa nini kuna milango miwili ya pembeni?

Katika makanisa mengi ya zamani wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, na kila upande ulikuwa na njia yake. Mlango mmoja siku hizi huwa umezibwa na kabati la spika.

11. Kengele yenyewe ni kipande cha chuma tu?

Ndiyo, mara nyingi ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi, kinagongwa kwa bolti. Kabla ya chuma ilikuwa ngoma. Msikidharau: chuma cha reli husikika ng'ambo ya bonde, na kwa vijiji visivyokuwa na saa, mlio wa pili ndio uliokuwa saa nne.

12. Mbona hakuna altare wala chombo cha kubatizia?

Ikiwa ni kanisa la Marafiki, havikuwahi kuwapo. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawana meza ya Bwana ya mkate na divai. Ndani utakuta mabenchi, mimbari ya kawaida na ukimya. Wageni Wakatoliki hudhani vitu vimeibiwa. Katika kigango cha Kikatoliki, kinyume chake, tafuta alama za altare ya zamani ukutani, maana kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika miaka ya 1960 padri alisoma misa akielekea ukutani. Altare iliposogezwa mbele, matundu ya misumari yalibaki.

## Kumbukumbu na kumbukizi

13. Nitapata wapi maandishi ya kanisa letu?

Anza nyumbani: daftari la mweka hazina, sanduku la bati chini ya kitanda cha mjane wa mwalimu, picha ya harusi ambamo ukuta wa kanisa umeonekana nyuma ya bibi harusi. Picha za harusi zimetusaidia kuliko faili yoyote.

Kisha fuata njia ya utawala, kwa sababu mipaka ilihamahama. Mpaka 1902 eneo hili lilihesabiwa ndani ya Uganda, na kanisa lilikawia zaidi kuhama. Wakatoliki wa hapa walikuwa chini ya vikarieti ya Naili ya Juu mpaka ilipoundwa prefektura ya Kavirondo mwaka 1925 (prefektura na vikarieti ni ngazi za kabla ya dayosisi), ikawa vikarieti ya Kisumu mwaka 1932. Eldoret ikakatwa mwaka 1953, Nakuru ikawa dayosisi mwaka 1968, Kakamega mwaka 1978, Bungoma mwaka 1987. Kwa hiyo kigango cha Bungoma cha miaka ya 1920 kinaweza kuwa na karatasi zake Mumias, Kisumu au ng'ambo ya mpaka, na ofisi ya dayosisi yako ikikuambia haina kitu, haikufichi. Waanglikana waligawa Maseno na Nakuru mwaka 1961, kisha Maseno ikawa Kusini na Kaskazini mwaka 1970, na dayosisi nyingine zikazaliwa humo.

Nje ya nchi, barua za wamisionari wa Kianglikana wa CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na za Marafiki zifuatilie Richmond, Indiana, Marekani. Nairobi kuna Nyaraka za Taifa, ambako ripoti za maofisa wa wilaya hutaja makanisa hasa palipokuwa na ugomvi wa ardhi. Ugomvi huhifadhi kumbukumbu vizuri.

14. Tumeombwa daftari la zamani na mwanafunzi wa chuo. Tumpe?

Mpe meza, kiti na chai, asome hapohapo na apige picha kwa simu. Asiondoke nalo. Sisi tulimpa kijana mmoja mpole daftari la michango, aliahidi wiki mbili. Kijana yule ameshaoa na kupata watoto, daftari hatujaliona.

15. Wazee wanatofautiana miaka. Nimwamini nani?

Usimuulize mzee mwaka. Muulize nini kilikuwa kikiendelea. Je, nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa wamekuja? Wanaume walikuwa wamekimbilia dhahabu ya Kakamega, ya 1931 na 1932, wakati mashimo ya migodi yalipotaka mbao na nguzo nyingi? Vijana walikuwa vitani Burma? Mvua kubwa za 1961, kabla ya Uhuru, zilikuta paa la nyasi au la bati?

Kwa Watiriki kuna kipimo bora zaidi: rika la tohara. Kabalach, Golongolo, Jiminigayi, Nyonje, Mayina, Juma, Sawe. Kila moja likichukua takriban miaka 15. Mzee anaweza kukosea mwaka kwa ishirini, lakini hawezi kusahau ni rika gani lililobeba mbao na ni rika gani lililokuwa bado linachunga mbuzi likitazama. Andika jibu kama alivyolisema, kisha wewe ndiye upige hesabu, pembeni.

## Kutunza

16. Mchwa wameingia. Tufanyeje?

Tafuta vijia vya udongo kwenye nguzo za msingi kabla ya kununua dawa yoyote. Mchwa wa ardhini hupanda kupitia udongo unaogusa mbao, kwa hiyo tiba ya kwanza ni jembe: ondoa udongo, maua na kuni zilizoegeshwa ukutani, mpaka mbao ya chini kabisa ionekane imekaa juu ya jiwe na hewa inapita chini yake. Waliojenga waliinua sakafu makusudi. Vizazi vya baadaye vikapalilia na kusukumia udongo ukutani.

Ukiona unga laini kama poda na vitundu vidogo vya mviringo, hao si mchwa, ni bungua. Hao hukaa ndani ya mbao yenyewe, na ubao uliooza kwa bungua hubadilishwa tu.

17. Vipi kupaka oili chafu ya magari?

Imetumika miaka mingi, na kwa ua la nje sina ugomvi nayo. Ndani ya kanisa siishauri: inanuka, inachafua nguo za watu, inazuia rangi kushika milele, na jengo lililolowa oili likishika moto hamtakuwa na muda wa kutoa hata mabenchi. Nje, afadhali mafuta ya kitani au dawa ya mbao inayouzwa dukani, baada ya mbao kukauka vizuri mwezi wa Januari au Februari.

18. Kamati imezungushia saruji chini ya kuta ili pawe safi. Ni sawa?

Hapana. Ni kosa la nia njema ninaloliona kila mahali. Mvua ikipiga ukuta, maji hushuka na kujikusanya pale saruji inapokutana na mbao, yanakosa pa kwenda, na mbao ya chini inaoza kimyakimya nyuma ya usafi huo. Choma kwa kisu kidogo hapo chini. Kisu kikiingia kama kwenye ndizi, vunja saruji.

19. Sheria inalinda kanisa letu?

Si kwa sababu tu ni la zamani. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo litangazwe rasmi katika gazeti la serikali kuwa urithi unaolindwa, na likishatangazwa, kulibomoa au kulibadilisha bila ruhusa ni kosa. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndiyo yenye kushughulikia. Makanisa ya mbao ya kijijini hayapewi kipaumbele, nami nadhani ni kwa sababu yanafanana na ghala. Serikali ya kaunti nayo ina wajibu wa utamaduni chini ya Katiba ya 2010, kwa hiyo andikeni kwa zote mbili, mkiambatisha picha na yale mliyoyapata kwa swali la 8 na la 15.

Hakikisheni pia hati ya ardhi. Nyingi za nyumba hizi zimesimama kwenye shamba ambalo mzee fulani alilitoa kwa mdomo, na wajukuu wake wana cheti chenye jina lake.

20. Tunajenga kanisa kubwa la mawe. La mbao libomolewe?

Kama kuna nafasi, jengeni kando, na la mbao libaki shule ya Jumapili. Pale kiwanja ni kidogo, watu wengi hufanya hivi: kuta za mawe zinapanda kuzunguka kanisa la mbao, ibada zikiendelea ndani, na paa jipya likishakaa, kanisa la zamani linavunjwa na kutolewa vipande vipande kupitia mlango wa lile jipya. Ni jambo la kushangaza kuliona, ni kama kuku anayetoka ndani ya ganda, ila hapa ganda ndilo linalobaki.

Mkilazimika kuvunja, piga picha kila upande, andika nambari kwa chaki kwenye kila ubao, na weka angalau dirisha moja zima na fremu yake. Nimeona banda la kuku lililojengwa kwa mbao za kanisa, mstari wa mapambo ya mimbari ukiwa umegeuzwa juu chini. Kuku walikuwa na raha. Aliyeziuza mbao hizo alijuta baadaye.

## Maswali ya pembeni

21. Makanisa mawili yanadai jengo moja ni lao. Historia inasemaje?

Historia itawapa wote haki kidogo, na ndiyo shida. Mwaka 1927 palikuwa na uamsho wa Roho Mtakatifu Kaimosi, na waliotengwa kwa sababu yake walianzisha makanisa yao ya Roho. Mwaka 1942 Daudi Zakayo Kivuli, aliyetoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori, alianzisha kanisa la African Israel Nineveh. Katika migawanyiko ya namna hii, waliobeba mbao huenda walikuwa babu za pande zote mbili. Orodha ya waliochanga haioneshi dhehebu la wajukuu. Nendeni kwa hati ya ardhi, na kwa kumbukumbu fuateni swali la 13.

22. Kanisa dogo la Waitaliano kule Mai Mahiu, nalo ni la mbao?

Hapana, ni la mawe. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ya ukingo wa Bonde la Ufa. Linaulizwa hapa kwa sababu matatu ya Nakuru hupita mbele yake na kila abiria ana hadithi.

23. Je, kanisa la mabanzi ni kanisa la mbao?

Mabanzi ni zile kata za kwanza za gogo, zenye ganda upande mmoja, ambazo somili huziuza rahisi. Makanisa ya mabanzi yamejaa Elburgon na Molo, na watu huyacheka kwa sababu upepo wa Mau unapita. Mimi nayahesabu.

24. Naweza kuja kuliona lenu?

Karibu. Jumapili usije kutembea tu, maana utaketishwa mbele na kuambiwa usalimie. Siku ya kazi, ufunguo uko kwa mama anayekaa nyumba ya pili ukishuka, yenye mparachichi. Usiende kabla ya saa nne, anakamua. Mlango ukigoma usiusukume kwa bega. Uinue kidogo kwa kitasa, kile kizingiti cha 1902 kimelala upande wa kushoto.